Mwanangu yuko juzuu ya kumi na tano, Dini ya skuli kapata 42. Wenzetu wa nchi nyengine wanafanyaje?

Mwana wa Gando (mleta uzi)

Assalaam alaykum waungwana, na wasiokuwa wa salamu hii, habari zenu.

Naandika kutoka Wete. Nina binti darasa la tano. Asubuhi skuli, akirudi anakula, anajitia ushungi, anakwenda chuo cha Kurani mpaka karibu na magharibi. Yuko juzuu ya kumi na tano, na maalim wake si mtu wa kumvusha mtoto ukurasa kabla hajausoma barabara. Wiki iliyopita karudi na karatasi za mtihani wa skuli. Hisabati 71. Kiswahili 80. Dini 42.

Nikamwambia hebu ilete hiyo ya Dini. Swali la tatu linauliza: "Nguzo za swala ni ngapi? Zitaje." Binti kaandika 17, na kazitaja zote kwa mpango wake, kuanzia nia, kwa mwandiko mzuri kabisa. Mwalimu kamkosesha. Pembeni kaandika kwa wino mwekundu: "13". Hakueleza zaidi ya hapo.

Namuuliza mtoto, hii 17 umeitoa wapi? Akanitazama kama niliyemuuliza jina la babu yake. "Safina, baba."

Na mie nilisoma Safina, kile kitabu kidogo cha fiqhi. Mie pia nilifundishwa 17, barazani, juu ya jamvi, bakora iko nyuma ya shingo. Sasa nina maswali mawili. La kwanza, nani kakosea? La pili ndilo kubwa: vipi mtoto mmoja, dini moja, mji mmoja, ana masomo mawili ya dini yasiyojuana hata kwa salamu? Nyie mlioko nje, huko skuli zinafundisha dini? Anafundisha nani, na mtoto anatoka na nini?

BintiMkoani

Pole baba. Wangu aliambiwa "taja faida tano za swala". Akaandika tatu kwa maelezo marefu, kapewa tatu juu ya tano. Kumbe faida za swala zishahesabiwa zikakoma, sisi hatuna habari.

Kibatari

Nimefundisha Dini skuli za serikali miaka ishirini na nane, Unguja na Pemba, sasa nimestaafu nafuga kuku. Mwana wa Gando, mwanao yuko sawa na mwalimu yuko sawa. Imam Nawawi kwenye Minhaj kazihesabu 13. Mwenye Safina, Salim bin Sumair, kazihesabu 17. Hizo nne zinazozidi ni utulivu: wa kwenye rukuu, wa kwenye itidali (kule kusimama baada ya rukuu), wa kwenye sijda, na wa kitako cha baina ya sijda mbili. Mmoja kauhesabu utulivu kuwa ni nguzo peke yake kila mahali pake, mwengine kautia ndani ya nguzo yenyewe. Swala ni ile ile, na wote wawili ni Shafii.

Kwa hiyo tatizo si hesabu. Mwalimu wa skuli kapewa muhtasari, kaandika ubaoni kilichomo, kasahihisha kwa kilichomo. Hajui mtoto anakuja na nini kutoka chuo. Maalim wa chuo naye muhtasari wa skuli hajapata kuushika mkononi. Sisemi kwa kumlaumu mtu: miaka yangu yote ile nilikwenda chuo cha jirani na skuli yangu mara mbili tu, na moja ilikuwa hitima ya mtoto, nilifuata pilau.

Jengine la kuchekesha. Huyo Salim bin Sumair alikuwa Mhadhrami, na alifia Batavia, ndiyo Jakarta ya leo. Watoto wa pesantren, zile skuli za dini za bweni za Indonesia, wanasoma Safina hiyo hiyo. Basi mwanao wa Wete na mtoto wa Java wanaafikiana kwenye 17, na mwalimu aliye naye chumba kimoja hawaafikiani.

Mzizima

Wakuu, naomba nichokoze kidogo. Huku bara shule ya serikali ina kipindi cha dini, lakini si kama chenu. Watoto wanagawanyika: Waislamu chumba hiki, Wakatoliki kile, Walokole kule chini ya mti. Anayekuja kufundisha katumwa na msikiti au kanisa, serikali haimlipi kwa kazi hiyo. Ustadhi asipotokea, mpira unachezwa. Kidato cha nne anayetaka anafanya mtihani wa Elimu ya Dini ya Kiislamu au wa Maarifa ya Biblia. Ibara ya 19 ya Katiba imeweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Nyie huko serikali inaajiri mwalimu wa Dini, inatunga muhtasari, inatoa alama. Ni nchi moja hii?

Jahazi Bovu

Nchi moja, lakini elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano. Baraza la Mitihani ndilo la Muungano, na elimu ya juu. Nimekujibu, na tuishie hapo hapo, maana uzi ukishaingia kwenye Muungano nguzo za swala tutazisahau zote, 13 na 17.

Mwana wa Mbweni

Mie ni Mzanzibari, Mkristo, na wazee wangu wamezikwa hapa hapa. Nieleze upande ambao hamuuoni kwa kuwa mlikuwa ndani ya darasa.

Skuli ya msingi tulikuwa wawili. Kipindi cha Dini kikifika, mwalimu anatwambia kwa upole, "Nyie nendeni nje." Tunakaa chini ya mwembe. Hatukuwahi kutukanwa, hilo niseme wazi. Lakini madirisha ya skuli zetu mnayajua, hayana vioo, na mtoto haambiwi azibe masikio. Mpaka leo nguzo za udhu nazijua. Kisa cha Nabii Yunus nakijua jinsi kilivyosomwa mle ndani, mpaka mahali ambapo yule mwalimu akipenda kukohoa. Kilichokuwa kikiniuma ni ripoti. Kila somo lina alama, Dini ina kistari. Mama akiishika ile ripoti alikuwa haanzi na Hisabati. Anakitazama kile kistari kwanza, halafu ndiyo anasema, "Haya, umejitahidi."

Na historia yenyewe ni ya kuchanganya. Skuli za mtindo wa kizungu hapa Unguja zilianza na misheni: Kiungani wavulana, Mbweni wasichana, wengi wao watoto waliokombolewa utumwani. Kwa hiyo Idara ya Elimu ya wakoloni ilipoanzishwa 1907, Waislamu wengi waliiona skuli ni mlango wa kubatizwa, wakawazuia watoto. Kurani ilipoingizwa kwenye ratiba ndipo madarasa yakaanza kujaa. Kwa hivyo somo mnalogombania leo mzizi wake si wa mashekhe. Alilitaka mkoloni, ili watoto waje wasome Hisabati.

Mwana wa Gando

Hilo la mwisho sikulijua. Na la kistari limenishika. Sasa ungetaka nini? Mwalimu wa Biblia kwa watoto wawili?

Mwana wa Mbweni

Hapana, sheikh, mwalimu mzima kwa watoto wawili hata mie ningesema ni israfu. Malaysia nimefanya kazi miaka mitatu. Kule mtoto wa Kiislamu akiwa kwenye somo la Uislamu, mwenzake asiye Mwislamu yuko chumba cha pili anasoma Pendidikan Moral, yaani Maadili, na anapata alama kama wenzake. Wana manung'uniko yao, wako wanaosema Maadili ni kukariri orodha ya tabia njema tu. Lakini hakuna anayekaa chini ya mwembe.

Kibatari

Indonesia wamekwenda mbali zaidi. Sheria yao ya elimu ya 2003 inampa kila mwanafunzi haki ya kufundishwa dini yake, na mwalimu wa dini hiyo hiyo. Dini zinazotambuliwa ni sita: Uislamu, Uprotestanti, Ukatoliki, Uhindu, Ubudha na Ukonfusio. Mtoto Mhindu peke yake kwenye skuli ya kisiwa cha Waislamu, kwenye karatasi ana haki ya mwalimu Mhindu. Kumpata huyo mwalimu ndiyo kazi.

Ukti wa Köln

Waalaykum salaam. Mie kwetu Chake, sasa niko Ujerumani mwaka wa kumi na nne. Huku watu wa nyumbani wakidhani skuli hazina Mungu, wanashangaa nikiwaambia kuwa dini imo kwenye Katiba. Ibara ya 7 inasema dini ni somo la kawaida katika skuli za serikali, na linafundishwa kwa kufuata misingi ya jumuiya ya dini yenyewe. Katoliki kwa Wakatoliki, Kiprotestanti kwa Waprotestanti. Jimbo letu, Nordrhein-Westfalen, liliongeza somo la Kiislamu kuanzia 2012. Mwalimu ni wa serikali, kasoma chuo kikuu, na lazima awe na idhini ya upande wa Waislamu. Somo ni kwa Kijerumani na lina alama kwenye ripoti.

Mwanangu wa kwanza ndiye aliyenifumbua macho. Karudi siku moja ananiuliza: "Mama, Nabii Ibrahim alipotaka kumchinja mwanawe, yule mwana alijisikiaje?" Mwalimu kawaambia waandike barua, kila mtu ajitie kuwa ndiye yule mwana. Mie nilisoma chuo miaka minane, kisa hicho nakijua kwa Kiarabu na Kiswahili, na swali hilo halijapata kunipitia. Nikakaa kimya, naendelea kukuna nazi.

Kasoro yake: kusoma msahafu hajui. Somo halimfundishi alifu wala be. Kwa hiyo Jumamosi na Jumapili nampeleka msikitini, chuo kama cha nyumbani, wanagombana na Waturuki kuhusu viatu.

Na majimbo hayafanani. Berlin dini ni hiari na Maadili ndiyo lazima, tangu 2006. Waliitisha kura 2009 ili dini iwe na hadhi sawa, wakashindwa. Bremen nao wana mtindo wao tangu zamani, Katiba yenyewe imewatoa. Jengine, mtoto akifika miaka 14, kusoma dini au kutosoma anaamua mwenyewe. Sheria hiyo ni ya 1921.

Mwana wa Gando

Miaka 14 anaamua mwenyewe, mamake yuko wapi?

Ukti wa Köln

Mamake yuko jikoni anasonya.

Mtoro wa Kikwajuni

Huku Uingereza mambo ni mengine. Sheria ya 1944 ililazimisha dini ifundishwe skuli zote za serikali. Ya 1988 ikasema somo lionyeshe kuwa mila za nchi kwa sehemu kubwa ni za Kikristo, lakini dini kubwa nyengine zilizopo nchini zisiachwe. Mzazi ana haki ya kumtoa mtoto wake.

Niwe mkweli, mie nilitaka kumtoa. Kijana ana miaka tisa, karudi na picha ya hekalu la Masingasinga kaichora kwa rangi ya machungwa, na jina la Mwenyezi Mungu kwa lugha yao. Damu ikanichemka. Nikaenda kuonana na mwalimu. Akanionyesha madaftari. Nikafahamu kitu ambacho kwa Kiswahili nakieleza hivi: hawamfundishi dini, wanamfundisha habari za dini. Haambiwi aamini. Anaambiwa jirani yako anaamini hivi, anafunga hivi, anaoa hivi. Dini yenyewe anaipata saa kumi na moja jioni, msikitini, kwa maalim Mgujarati, kila siku isipokuwa wikiendi. Chuo kile kile, bakora tu haipo.

Halafu siku ya siku akaniuliza: "Baba, Mashia wanaswali vipi?" Jamani. Mie wa Kikwajuni, mjini nikipita Kiponda kila siku, imambara ya Makhoja, nyumba ya ibada ya Mashia, naiona, Muharram naisikia. Sikuwa na jawabu hata moja. Waibadhi je? Nimekula kwao, nimezika nao, najua tu kuwa wanaswali wameteremsha mikono. Nimeishi Zanzibar miaka ishirini na sita nikiwa na Waibadhi, Mashia, Mabohora, Mabaniani na Wakristo mtaa kwa mtaa, na nilichokuwa nikijua juu yao ni vyakula vyao.

Kibatari

Mtoro, umeweka kidole pale pale. Hilo ndilo chuo hakiwezi, na si kazi yake. Chuo kazi yake msahafu, udhu, adabu. Skuli badala ya kufanya hilo lililobaki, inarudia kazi ya chuo kwa ufupi na kwa chaki, tena inamkosesha mtoto aliyekwishasoma.

Bi Kilindini

Jirani zenu wa Mombasa tupo. Huku mtoto anachagua dini moja ya mtihani, ya Kikristo, ya Kiislamu au ya Kihindu, na wengi huchagua wakitafuta alama. Kijana wangu alipata A ya dini ya Kiislamu kidato cha nne, tukamchinjia mbuzi. Magharibi nikamwambia haya, tangulia utuswalishe. Alitafuta udhuru mpaka adhana ya isha.

Jahazi Bovu

Naona nyote mnasifu kuingiza. Ufaransa waliitoa na nchi haijazama.

Kibatari

Haijazama, lakini soma vizuri walivyoitoa. Sheria ya waziri wao wa elimu, Jules Ferry, ya 1882 iliondoa dini kwenye skuli za msingi za serikali, na papo hapo ikasema skuli zifunge siku moja kwa wiki mbali na Jumapili, ili mzazi anayetaka ampeleke mtoto akafunzwe dini nje ya jengo la skuli. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi! Baadaye, 1972, wakaihamishia Jumatano. Sisi chuo hufungwa Alhamisi ili mtoto apumzike, wao skuli ikifungwa Alhamisi ili mtoto aende chuo chao. Na Alsace na Moselle dini bado imo skuli mpaka leo, kwa kuwa 1905 Wafaransa walipotenganisha kanisa na serikali, eneo lile lilikuwa mikononi mwa Ujerumani.

Mie hicho kipengele cha siku nakipenda kuliko mijadala yote. Aliyewatoa mapadri darasani aliona mtoto ana siku ngapi, akamwachia moja. Sisi je? Mfumo wetu wa mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, tunaulaumu kwa msongamano, lakini ndio uliokihifadhi chuo. Wa asubuhi anakwenda chuo mchana, wa mchana anakwenda asubuhi. Sasa zinajengwa skuli za ghorofa ili watoto wote wasome mkondo mmoja, na ni jambo jema, watoto tisini chumba kimoja si elimu. Lakini akikaa skuli mpaka saa tisa, halafu masomo ya ziada, chuo ataenda saa ngapi? Sijasikia mtu hata mmoja akilizungumza kwenye kikao cha wazazi. Wanazungumza sare.

BintiMkoani

Maalim wa kwetu keshaanza darasa baada ya alfajiri. Watoto wanakwenda na tochi za simu.

Mzizima

Kibatari, na walioliweka somo wakalitoa wapo?

Kibatari

Singapore. Waliifanya elimu ya dini kuwa lazima sekondari 1984, mwanafunzi achague: Biblia, Uislamu, Ubudha, Uhindu, Usingasinga au maadili ya Konfusio. Serikali ikaingiwa na wasiwasi na ushindani wa dini uliokuwa ukipanda nchini, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 somo la lazima likaondoshwa. Nia ilikuwa maadili mema, na kila mtu alitaka zaidi wafuasi.

Mwana wa Gando

Waungwana nimerudi, nilikuwa na shughuli za karafuu.

Nimekwenda kwanza kwa maalim wa chuo, na karatasi mkononi. Kavaa miwani, kaisoma yote, mpaka maswali asiyoulizwa. Alipofika kwenye 13 hakukasirika. Kasema, "Huyu kasoma Minhaj." Nikamwambia maalim, huyu kasoma ubaoni. Akacheka mpaka miwani ikashuka. Kisha kaniuliza kitu ambacho sikukitarajia: kama skuli wanaweza kumuazima huo muhtasari, hata siku mbili.

Jumatatu nikaenda skuli. Mwalimu ni kijana mdogo, mpole, jina lake na la skuli tuyaache. Nilimweleza kama alivyoeleza Kibatari, utulivu nne, 13 na nne ndiyo 17. Kanisikiliza, halafu kafungua kabati kachomoa karatasi za darasa zima, anazipekua moja moja mbele yangu. Watoto kumi na mmoja walikuwa wameandika 17. Wote wa chuo kimoja. Akasema, "Nilidhani wameigiliziana."

Kachukua ile kalamu nyekundu, kazisahihisha upya zote kumi na moja, mie nimekaa kwenye kidawati cha mtoto magoti yamenifika kidevuni. Binti yangu kafika 50. Muhtasari kaniazima, nimeufunga kwenye mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua, jioni naupeleka kwa maalim.

Lakini mwalimu kaniambia jambo moja la kweli: mtihani ukija kutoka juu, jawabu watakaloletewa na wasahihishaji ni moja, na yeye hajui litakuwa lipi. Binti naye usiku kaniuliza aandike ngapi. Nikamwambia andika 13, halafu chini yake andika na nne za utulivu. Akafikiri. "Baba, nafasi waliyotuachia ni mstari mmoja."